Kampeni Inapoingia Nyumbani: Siasa na Familia Katika Mkoa wa Mara

Mgombea akishachukua fomu, nyumba yake nayo imegombea. Mke au mume, watoto, mama mzazi, mashemeji na wajomba hawakuulizwa na chama chochote, lakini tangu siku hiyo chungu kinachobandikwa jikoni ni cha umati, ng'ombe wa zizini anaangaliwa kama mtaji, na jina la ukoo linatajwa majukwaani na watu wasioujua ukoo wenyewe. Sheria za uchaguzi zinamtambua mgombea, wakala na mpiga kura. Familia haimo, ingawa ndiyo inayoanza kulipa na ndiyo inayomaliza kulipa, mara nyingi miaka mingi baada ya kura kuhesabiwa.

Mkoa wa Mara unalieleza jambo hili vizuri kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Kati ya Musoma, Butiama na Bunda pametokea kampeni zilizobadilisha nchi nzima, na baadhi yake ziliendeshwa na watu wa meza moja, wakivaa rangi tofauti.

Kisa cha kwanza kinaanzia Butiama. Julius Kambarage Nyerere, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 akiwa na shahada na barua za uchumba. Januari 1953 alimwoa Maria Gabriel, mwalimu mzaliwa wa Baraki, Tarime, aliyekuwa akifundisha shule ya Nyegina karibu na Musoma. Kwa kipimo cha wakati ule hiyo ilikuwa nyumba yenye neema: waalimu wawili, wote wasomi wa misheni, na bwana ana kazi ya kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mama mzazi, Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano wa chifu, alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba mwanawe ameshatulia.

Hakutulia. Mwaka huohuo wa 1953 alichaguliwa kuongoza chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Siku za kazi alikuwa darasani Pugu. Mwisho wa juma alikuwa mjini kwenye mikutano. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, mambo mawili hayakuweza tena kukaa pamoja: ualimu katika shule ya misheni na uongozi wa chama kinachodai uhuru. Alichagua chama, akaacha kazi, na mshahara wa nyumba ukakatika.

Vitabu vya historia hupita hapa haraka, kwa sentensi moja ya sifa, kisha vinaendelea na safari ya uhuru. Kwa familia sentensi hiyo ilikuwa miezi mingi. Nyerere alirudi Mara na mke na mtoto mchanga. Mtu aliyesoma mpaka ng'ambo alikuwa amerudi kijijini bila ajira, na jirani yeyote aliweza kuliona hilo. Huko Musoma alipata kazi kwa mapadri wa Maryknoll: alimfundisha Padri Arthur Wille Kizanaki na kufanya kazi ya tafsiri. Ilikuwa kazi ya heshima yenye kipato kidogo, na haikudumu. Oktoba 1955 alirejea Dar es Salaam kuwa mtumishi wa TANU wa kudumu, akitegemea posho ya chama ambacho hazina yake ilikuwa ada za wanachama maskini.

Aliyeziba pengo alikuwa Maria. Huko Dar es Salaam alifungua biashara ndogo ya duka, akiuza pamoja na vitu vingine mafuta ya taa, huku akilea watoto katika nyumba ambayo mlango wake haukufungwa. Wageni wa mume walikuwa wageni wa chama, na mgeni wa chama haulizwi atakaa siku ngapi. Mume alikuwa safarini majuma kwa majuma, jimbo hadi jimbo, kwa gari la chama lililochoka. Mwalimu wa kike mwenye cheti chake alikuwa sasa anapima mafuta kwa chupa ili mwalimu mwenzake aweze kuhutubia. Mchango huo haujapewa nafasi unayostahili. Kampeni ya uhuru wa Tanganyika ilikuwa na wafadhili wengi wasio na majina, na mmoja wao alikuwa biashara ya mafuta ya taa ya mama mwenye watoto wadogo.

Mwaka 1958 mzigo ulikaribia kuwa mzito zaidi. Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali ya kikoloni katika gazeti la chama, na Agosti mwaka huo akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Katika siasa za ukombozi, jela ilikuwa heshima. Viongozi wa nchi nyingine waliingia na kutoka wakiwa mashujaa. Alichagua kulipa faini. Chama kilikuwa kinakaribia uchaguzi wa kwanza na kilimhitaji kiongozi wake nje. Nyumbani pia miezi sita bila baba isingekuwa jambo dogo.

Familia ya Butiama haikuwa peke yake. Bibi Titi Mohamed, aliyeikusanya nguvu ya wanawake wa Dar es Salaam nyuma ya TANU, alianza kazi ya chama baada ya mumewe kuridhia. Hiyo ndiyo tofauti iliyokuwapo kati ya mwanasiasa wa kiume na wa kike: mmoja aliondoka nyumbani na kuagiza abakiziwe chakula, mwingine alilazimika kwanza kupata ruhusa ya kutoka. Tofauti hiyo haijaisha. Mwanamke anayegombea udiwani kando ya Ziwa Viktoria leo bado anaulizwa na wakwe nani atakayebaki na watoto, swali ambalo mgombea wa kiume halisikii.

Kuna gharama nyingine iliyolipwa na ukoo wa Nyerere, na hii haizungumzwi sana. Kaka wa Mwalimu kwa baba, Edward Wanzagi, alikuwa chifu wa Wazanaki. TANU ilihubiri nchi isiyo na utawala wa kurithi, na mwaka 1963, Tanganyika ikiwa tayari jamhuri, serikali ilifuta kwa sheria mamlaka ya machifu nchini kote. Kiti alichokalia Burito, na ambacho Wanzagi alikirithi, kilifutwa na serikali ya mdogo mtu. Mwalimu hakuacha mwanya kwa ajili ya Butiama. Machifu wa sehemu nyingine wangeweza kulalamika kwamba wameonewa. Hawakuweza kusema kwamba chifu mmoja ameachwa kwa sababu ni ndugu wa rais. Uadilifu wa namna hiyo unasifiwa kirahisi na mtu wa mbali. Kwa ndugu walio karibu, ni kupoteza kitu cha baba yao.

Baada ya hapo ulifuata muda mrefu ambao kampeni zilipunguza makali nyumbani, kwa sababu ya mfumo wenyewe. Kuanzia uchaguzi wa 1965, chini ya chama kimoja, kila jimbo kwa kawaida lilikuwa na wagombea wawili wa chama hichohicho, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Mikutano iliandaliwa na chama, wagombea walipanda jukwaa moja, na kuomba kura kwa kabila au dini kulikatazwa. Mfumo huo ulikuwa na kasoro kubwa: mpiga kura alichagua mtu, hakuweza kuchagua sera nyingine. Lakini ndugu wawili wa Bunda waliweza mmoja kupigia jembe na mwingine nyumba, kisha jioni wakakaa baraza moja, kwa sababu kadi zao za chama zilifanana na aliyeshindwa hakuwa adui wa chama. Gharama za mikutano nazo hazikuwa za mgombea, hivyo zizi lake lilipumua.

Julai 1992 vyama vingi viliruhusiwa, na Oktoba 1995 ukafanyika uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo mpya. Mara ilionja mabadiliko hayo kwa ukali. Bunda ndipo palipotoa kesi ambayo wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo. Joseph Sinde Warioba, aliyekuwa Waziri Mkuu kati ya 1985 na 1990, aligombea kwa CCM, chama tawala kilichorithi TANU. Aliyemkabili alikuwa Stephen Wasira, mwanasiasa aliyeingia bungeni tangu 1970 akiwa kijana, na ambaye sasa alikuwa amehamia chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi. Wasira alitangazwa mshindi. Warioba alikwenda mahakamani, matokeo yakabatilishwa, na mwaka 1997 Mahakama ya Rufani ikatoa hukumu iliyotaja vitendo vya rushwa katika kampeni ile.

Athari ya kisheria iliishia kwenye makabrasha. Athari ya kijamii ilisambaa katika vijiji vya Bunda, ambako wote wawili walikuwa watoto wa nyumbani. Kesi ya uchaguzi inahitaji mashahidi, na mashahidi ni watu wa kijijini: aliyekuwa mkutanoni, aliyeona kitu kikitolewa, aliyekipokea. Kumwita mtu kizimbani aseme kwamba jirani yake alipokea ni kuwagonganisha watu watakaoendelea kuteka maji kisima kimoja na kuoleana. Wakili anarudi mjini. Mashahidi wanabaki.

Suala la kutoa na kupokea linahitaji kuelezwa zaidi, maana hapo ndipo fedha ya kampeni inapokutana na desturi ya nyumba. Katika mila za Mara, kama kwingineko nchini, mgeni hapokewi mikono mitupu, na mtu mwenye cheo akija anatazamiwa kuacha kitu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili ukarimu wa namna hiyo, ulioitwa takrima, usihesabiwe kuwa rushwa. Matokeo yake yalionekana katika nyumba za wagombea. Kilichokuwa hiari kikawa matarajio, na matarajio yakawa deni. Nyumba isiyochinja ilisemwa vibaya. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vya takrima, baada ya kesi iliyofunguliwa na asasi za haki za binadamu, na mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikiweka mipaka ya matumizi. Sheria hiyo ni nzuri. Hata hivyo, haina namna ya kuhesabu shamba lililouzwa kimyakimya na kaka wa mgombea, wala ada ya shule iliyoahirishwa mpaka kura zipite.

Tukirudi 1995, mwaka huo ulileta pia tukio ambalo hakuna familia ya kisiasa Tanzania iliyopata kuliona waziwazi hivyo. Mwalimu Nyerere, aliyestaafu urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990, alikuwa akizunguka nchi kumnadi Benjamin Mkapa wa CCM. Mpinzani mkubwa wa Mkapa alikuwa Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi. Na katika jimbo la Arusha Mjini, mgombea ubunge wa NCCR-Mageuzi alikuwa Charles Makongoro Nyerere, mtoto wake wa kumzaa. Baba alikuwa akiwaambia Watanzania wasimpe nchi Mrema. Mwana alikuwa akiomba kura kwa tiketi ya chama cha Mrema. Mkapa alishinda urais kwa karibu asilimia 62, Mrema akapata karibu asilimia 28, na Arusha Mjini ikamchagua Makongoro.

Jambo hili lingeweza kuipasua nyumba. Mtoto angeweza kuitwa msaliti, na baba angeweza kuambiwa kwamba asiyetawala kwake hawezi kushauri taifa. Maneno ya aina hiyo yalikuwapo vijiweni. Kilichosaidia ni msimamo ambao Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshautangaza hadharani, kwamba CCM si mama yake. Watu wengi waliuelewa kama onyo kwa chama kilichokuwa kikipoteza maadili, na ndivyo ulivyokusudiwa. Lakini una upande wa pili unaohusu nyumba moja kwa moja. Mama hachaguliwi wala haachwi. Chama kinachaguliwa na kinaweza kuachwa. Mzee aliyeamini hivyo kuhusu nafsi yake hakuwa na haki ya kumnyima mwanawe uamuzi uleule. Mwalimu aliendelea na kampeni yake, Makongoro akaendelea na yake, na Butiama ikabaki nyumbani kwa wote wawili. Ushindi wa Arusha baadaye ulibatilishwa na mahakama, na Makongoro akarudi CCM, akaja kuwa mwenyekiti wake wa mkoa wa Mara.

Inafaa kusisitiza kwamba amani hiyo haikuja kwa kunyamaza. Familia nyingi hukwepa ugomvi kwa kupiga marufuku siasa mezani, na marufuku hiyo huvunjika juma la mwisho la kampeni, wakati wapambe wameshaingia mpaka jikoni. Nyumba ya Mwalimu iliachia tofauti ionekane nje, na heshima ya baba na mwana haikufanywa hoja ya kuombea kura. Huo ndio mpaka unaofaa kulindwa: tofauti ya chama ijadiliwe kama tofauti ya chama, na udugu usipandishwe jukwaani kama ushahidi.

Kizazi kilichofuata kiliona mpaka huo ukivukwa. Mwaka 2010 Vincent Nyerere, wa ukoo huohuo, mtoto wa ndugu yake Mwalimu, aligombea Musoma Mjini kwa chama cha upinzani cha Chadema na kumshinda Vedastus Mathayo wa CCM. Katika Bunge lile alikuwamo pia Leticia Nyerere, aliyewahi kuwa mkwe wa nyumba ya Mwalimu, kama mbunge wa Viti Maalumu wa Chadema. Miaka miwili baada ya uchaguzi, Makongoro aliingia Bunge la Afrika Mashariki, akiwa kada wa CCM. Jina moja lilikuwa pande mbili za siasa kwa wakati mmoja, na wananchi wa Musoma waliizoea hali hiyo upesi kuliko viongozi wa vyama.

Mwaka 2012 ulipofanyika uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki, Vincent alikuwa meneja wa kampeni ya Chadema. Mkapa, aliyekwenda kumnadi mgombea wa CCM, alisema jukwaani kwamba yeye ni mtu wa karibu na familia ya Mwalimu na kwamba hamjui huyo Vincent ndani yake. Vincent alijibu kwa ukali, na magazeti yalijaa malumbano kwa siku kadhaa. Wapiga kura wa Arumeru walitaka kusikia habari za ardhi na maji, na badala yake wakapewa mjadala wa nani ni mtoto wa nani. Katika jamii ya Mara, kumkana mtu ukoo wake ni neno zito. Ukoo ndio unaompa mtu mahali pa kujenga, mahali pa kuoa na mahali pa kuzikwa, na wanaoweza kulizungumza jambo hilo ni wazee wake, katika kikao chao. Kampeni haina sifa ya kukaa kwenye kiti hicho, hata inapoendeshwa na rais mstaafu.

Uchaguzi wa 2015 uliwakuta tena watu walewale. Wilaya ya Butiama ilikuwa imeanzishwa mwaka 2012, na sasa ilikuwa na jimbo lake. Juni 2015 Makongoro alitangaza akiwa Butiama kwamba anaomba ridhaa ya CCM kugombea urais, mmoja kati ya makada karibu arobaini waliorudisha fomu. Hakuingia katika majina matano yaliyopitishwa na kikao cha Dodoma, na Julai 12 chama kikamteua John Magufuli. Wasira, ambaye alikuwa amesharudi CCM na kuwa mbunge wa Bunda tangu 2005, naye alikuwa ameomba urais bila kufanikiwa, kisha akagombea Bunda Mjini. Huko alishindwa na Ester Bulaya, mwanamke aliyekuwa mbunge wa Viti Maalumu wa CCM mpaka alipohamia Chadema miezi michache kabla ya kura.

Kwa familia nyingi za wanasiasa, maumivu makubwa zaidi hutoka kwenye kura za maoni, uchaguzi wa ndani unaofanyika kabla ya kampeni rasmi. Uchaguzi mkuu una tume, ratiba na saa za kufunga mikutano, na mpinzani anajulikana kwa rangi ya shati lake. Kura za maoni zinafanywa kati ya watu wa kata moja, wenye kadi zinazofanana, na mara nyingi ndugu wawili wa ukoo mmoja wanaomba nafasi moja. Pale wapiga kura hao wanapokuwa wajumbe wachache, wanajulikana kwa majina. Mgombea akikosa kura, anajua kwa hesabu ya vidole ni shemeji gani aliyemnyima. Hapo ndipo watu wanapoacha kusalimiana misibani, na hapo ndipo wengi wanapohama chama, kwa uchungu wa nyumbani zaidi kuliko kwa sera. Mfumo wa jembe na nyumba uliweka ushindani huo mbele ya wapiga kura wote wa jimbo, na aliyeshindwa hakujua ni mkono wa nani uliomwangusha. Vyama vya leo vingeweza kuwaepushia watu wao mengi kwa kupanua idadi ya wanaopiga kura hizo, na kwa kuruhusu muda wa kutosha kati ya kura za maoni na uteuzi, ili wazee wa koo wapate nafasi ya kuwakalisha watoto wao kabla ya jukwaa kufunguliwa.

Musoma Mjini, Oktoba 2015, Mathayo alimshinda Vincent Nyerere na kiti kikarudi CCM. Makongoro alimaliza muda wake katika Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2017, na mwaka 2021 akateuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Manyara. Wasira alichaguliwa Januari 2025 kuwa Makamu Mwenyekiti wa CCM Tanzania Bara, miaka thelathini baada ya kukiacha chama hicho na kusimama Bunda kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi.